Mtumbwi wa Shati la Harusi

Bunia haina ziwa. Ninaanza na hilo kwa sababu wakubwa wa mji wetu walilisahau. Tuna vumbi, tuna pikipiki, tuna mto Nyamukau ambao mbuzi anauvuka bila kulowesha tumbo, na mvua ikinyesha tuna matope yanayovua watu viatu. Ziwa hatuna. Ziwa liko chini kule Kasenyi, ukishapita Bogoro na kuteremka mlima mpaka masikio yanaziba. Kwa hiyo siku tangazo liliposomwa baada ya ibada, kwamba mtaa wetu wa Bigo utatuma wanawake kwenda kushindana kupiga makafi, nilicheka kanisani mpaka jirani yangu akanikanyaga.

Tangazo lilisema "régate". Wengi hawakujua ni kitu gani. Mama mmoja mwenye duka la wigi alisikia "regarder", akawaeleza wenzake kwamba ni safari ya kwenda kutazama tu, na kwa sababu hiyo akawa wa kwanza kujiandikisha. Hakuna aliyemsahihisha. Ukweli aliujua siku ya kwanza ya mazoezi.

Mimi ninauza viatu vya mitumba sokoni, na mtu huwa ninamsoma kuanzia chini. Prezida wa kamati ya mashindano alivaa viatu vya ngozi vyenye ncha ndefu, vya kung'aa, na nyayo zake hazikuwa na mkwaruzo hata mmoja. Mtu wa namna hiyo hatembei, anapelekwa. Alikuwa akishuka kwenye gari la mradi mbele ya kanisa, anachagua pa kukanyaga kati ya mavi ya mbuzi, halafu anatuhutubia juu ya ziwa ambalo, nina hakika, hajawahi kulitia hata kidole.

Mradi huo ulikuja na neno lake. Kila mradi unaofika Bunia huja na neno lake, na mradi ukiondoka neno hubaki mtaani halina kazi, watoto wanalichezea. Safari hii neno lilikuwa "cohésion", ambalo midomo yetu ililifanya kohezyo. Maana yake, kadiri nilivyoelewa, ni kwamba watu waliokimbizana kwa mapanga wakae kwenye benchi moja. Sikatai, ni jambo jema. Bigo imejaa watu waliotoka Djugu na vifurushi kichwani, na bila kukaa pamoja tutakwenda wapi? Lakini mdomoni mwa prezida neno lile lilikuwa na kazi nyingine kabisa: kuwanyamazisha watu. Soda ikija ya moto, ukinung'unika, anakuambia, "Mama, kohezyo." Tukimngoja kwenye jua asubuhi nzima, anashuka garini, anainua kiganja: "Kohezyo, bamama, kohezyo." Mama wa wigi alipouliza kama kuna mtu atakayetufundisha kuogelea kabla ya kututupa majini, prezida alimtazama kwa huruma na kumwambia kwamba mtu mwenye kohezyo hazami.

Sasa wifi yangu, kwa sababu bila yeye nisingeshika kafi maishani mwangu. Ni mke wa mdogo wangu wa kiume, na kwetu tunaitana mulamu. Walikuwa wakikaa ufukweni, upande wa Tchomia, ndugu yangu anavua, yeye anakausha samaki, na siku nyingine wanaingia majini pamoja, yeye nyuma na kafi la kuongozea. Vita ilipowafikia walikimbia kwa miguu kupanda mlima, maana siku hiyo hatari yenyewe ilitokea ziwani. Mtumbwi wao waliuacha mchangani. Wifi yangu alifika uani kwangu amevaa ndara mbili zisizofanana, zote za mguu wa kushoto. Nilimpa viatu na chumba cha nyuma. Ndugu yangu akaenda Kilo kuchimba dhahabu, na dhahabu mpaka leo inamwonyesha matope tu. Mke wake akabaki kwangu, anauza samaki wa kununua, ananusa kila mmoja kabla ya kumpanga, na uso wake unasema waziwazi kwamba si hivyo samaki anavyopaswa kunuka.

Alikuwa na neno moja tu moyoni, nalo ni mtumbwi. Nyumba inaweza kujengwa upya kwa miti na udongo. Bila mtumbwi hakuna kurudi, kwa maana mvuvi asiye na mtumbwi ni mtu anayekula samaki kwa kuomba. Na mtumbwi wao haukuwa wa kawaida. Waliujenga mwaka ule wa harusi yao, wa mbao, na mtumbwi wa mbao lazima ukalafatiwe: vitambaa vinasokotwa, vinashindiliwa kwa tindo kwenye nyufa kati ya mbao, kisha vinapakwa lami. Pamba iliwaishia walipomaliza sehemu ya chini tu. Ndugu yangu, ambaye hajawahi kuwa na subira, alivua shati lake la harusi pale pale, akalichana vipande na kulishindilia ubavu mzima wa kushoto. Mke wake alimfukuza na mwiko ufuko wote. Baadaye alichukua tindo, akamsaidia kumaliza.

Shati hilo ninalijua vizuri kuliko nilivyotaka. Familia yetu nzima ilivaa kitenge kimoja siku ile, na aliyekichagua ni shangazi yetu, ambaye Mungu alimnyima macho ya rangi. Kijani cha bwawa, na juu yake mahindi ya manjano, makubwa kama mahindi ya kweli. Tulipoingia kanisani tulionekana shamba linatembea. Baada ya harusi kitenge changu nilikitia chini kabisa ya sanduku, nikawa ninakitoa siku za kupaka nyumba chokaa.

Jioni ya tangazo wifi yangu alikuja jikoni, akasimama mlangoni.

"Mulamu, miye ninaenda ku ile course. Na weye unaenda na miye."

"Kufanya nini? Weye mwenyewe unajua sijue maji."

"Kuangalia kama pirogue yangu iko."

Alikuwa ameshafikiri yote. Mtumbwi uliochukuliwa hauchomwi kuni, alisema, unavuliwa samaki, na samaki wa ziwa letu wote mwisho wanafika Kasenyi. Kamati itakodi mitumbwi mizuri, itaipanga mchangani mmoja mmoja, mtu anatembea tu anatazama. Kushuka peke yake hakuwezekani, kwa vizuizi vya askari na maswali yao. Lakini mbele ya gari la mradi, lenye wanawake wanaoimba, wamevaa maliyo, fulana za mradi, kila kizuizi kinafunguka.

"Na ukiiona?"

"Ninaichukua."

Alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayezungumzia sufuria aliyomwazima jirani. Nilijiandikisha kesho yake, nikiwa ninajilaani.

Mazoezi tulifanyia kwenye benchi la kanisa, nje, chini ya jua. Mwalimu wetu alikuwa profesa wa mazoezi ya viungo wa shule fulani, kijana wa ndara za plastiki na soksi, ambaye kuhusu mtumbwi alijua kwamba unaelea. Tuliketi wawili wawili, kila mmoja na mwiko wake wa bugali, kwa kuwa makafi yalikuwa bado Kasenyi. Mwiko ule ndio uliompa akili. Akapiga makofi, uso unang'aa kwa furaha ya kuvumbua.

"Bamama! Mupige sawa vile munasonga bugali! Nguvu yote! Zungusha!"

Hakuna mwanamke wa Ituri anayehitaji kufundishwa kusonga bugali. Tulizungusha. Tulizungusha kwa mabega na viuno, mama wa wigi akaongoza wimbo, wapita njia wakasimama kutusifu, na profesa akatangaza kwamba hajaona timu yenye nguvu kama yetu. Wifi yangu peke yake aliketi mwisho wa benchi, mwiko wake magotini, anatazama mawingu.

"Mwambie basi," nilimnong'oneza.

"Aniulize."

Hakuulizwa. Kwa mradi ule yeye alikuwa "déplacée", na mkimbizi hupewa sabuni, haulizwi kitu. Nami ninakiri kwamba lile la "aniulize" lilinipendeza, kwa hiyo nikafunga mdomo nami nikaendelea kusonga hewa.

Siku yenyewe tulishuka ndani ya lori lililofungwa kitambaa cheupe ubavuni. Maliyo tuliyopewa yalikuwa meupe, yenye neno COHÉSION kifuani kwa herufi kubwa, na yote yalikuwa ya saizi moja, saizi ya mtu ambaye hayupo Bunia: mimi liliishia kitovuni, wifi yangu lilifika magotini. Chini nilijifunga kitenge cha mahindi. Sikuwa na hesabu yoyote kichwani. Nilitaka tu nguo ambayo maji yakiiharibu sitalia. Wifi yangu alikitazama kitenge hicho kwa muda. Kwenye kila kizuizi tuliimba, na kila kizuizi kilifunguka, kama alivyosema.

Kasenyi ni joto. Ukitoka Bunia na baridi yake ya asubuhi, joto la kule linakukamata shingoni. Kulikuwa na hema kwa ajili ya wakubwa, viti vya plastiki, vipaza sauti vinavyopiga mluzi, na harufu ya samaki juu ya vyote. Wavuvi walikuwa wamekaa kwenye mchanga miguu peku, wakitutazama sisi akina mama wa mjini tunavyovua viatu na kuvishika mkononi. Walituangalia kwa dharau ya wazi, na papo hapo nilikubaliana na watu nisiowajua. Bila viatu sikuweza kumsoma mtu yeyote. Nilijiona sina macho.

Mitumbwi ilikuwa imepangwa mchangani, yote imepakwa rangi mpya ya bluu na nyeupe, na namba ubavuni. Wifi yangu alianza kutembea toka mwisho mmoja. Hakuharakisha. Kwenye namba tatu alisimama. Aliinama, akapitisha kidole kwenye mbao za ndani, chini ya kiti cha nyuma, akakinusa.

"Ni yeye?" nilimuuliza.

"Ni yeye. Bamemupaka rangi ya choo."

Namba tatu ilikuwa imepewa timu ya mtaa mwingine. Tulimtafuta prezida, tukamkuta hemani akipunguziwa joto kwa karatasi ya hotuba yake. Wifi yangu alipiga goti kidogo, kwa heshima, akamweleza. Prezida alimwita mtu aliyekodisha namba tatu, bwana mmoja mwenye saa kubwa mkononi. Bwana yule alisema aliununua. Kwa nani? Kwa mtu. Mtu gani? Mtu wa huko juu, alishaondoka.

"Mama," prezida akasema, "bapirogue yote inafanana. Uko na papier?"

"Papa prezida, miye sina papier. Iko na shati ndani."

"Shati?"

"Shati ya bwana yangu. Ubavu ya kushoto. Muvute ile kitambaa mutaona."

Alicheka, na waliokuwa karibu wakacheka kwa kumsaidia. Je, atoboe mtumbwi wa mashindano, wageni wakiwa wamekaa, kwa sababu ya shati? Halafu akamwekea wifi yangu mkono begani, akashusha sauti ile ya upole ambayo watu hutumia wakishaamua kutokusaidia.

"Mama, leo ni siku ya amani. Tusilete bya zamani. Leo bintu yote ni ya siye bote. Kohezyo."

Yule bwana wa saa alitikisa kichwa kukubali kwamba vitu vyote ni vya wote. Saa yake hakuivua. Mimi damu ilinipanda, nikafungua mdomo kusema ambayo ningejutia, lakini wifi yangu alinivuta mkono tukatoka. Hakulia. Alimwendea mama wa wigi na kumwomba kichanuo chake, kile chenye mkia mrefu wa chuma wa kugawia nywele, akakichomeka kwenye kilemba.

Mashindano yenyewe sitayasimulia kwa urefu, kwa sababu ya aibu. Tulivalishwa majaketi ya machungwa ya kujiokoa, firimbi ikalia, mama wa wigi akaanzisha wimbo, na sisi wanawake wa Bigo tukasonga bugali. Tulisonga ziwa zima. Mtumbwi wetu ulizunguka mahali pamoja, ukasimama, ukazunguka upande mwingine, na kila mara tulipogeuka tulimwona profesa na soksi zake ufukweni akipiga kelele, "Zungusha! Zungusha!" Wavuvi walikuwa wamelala chali kwa kucheka. Wifi yangu alikuwa nyuma na kafi la kuongozea, lakini hakujisumbua kutunyoosha. Macho yake yalikuwa kwa namba tatu, iliyokuwa imeshawaacha wote, inakata maji imenyooka.

"Ona vile inakimbia," akaniambia, na sauti yake ilijaa fahari. "Ata bajinga banaweza kushinda naye."

Namba tatu ilishinda. Sisi tulifika ufukweni kwa sababu upepo ulitusukuma.

Baada ya hotuba, na baada ya sala ndefu kuliko mashindano, mzungumzaji akatangaza kwamba prezida na bwana mkubwa wa mradi watazunguka kidogo ndani ya mtumbwi ulioshinda, wapigwe picha. Nao wakavalishwa majaketi ya machungwa. Prezida hakuvua viatu vyake, naye akashika kipaza sauti cha mkononi ili awapungie watu na kuwasemesha. Ikabaki kumpata wa kupiga kafi. Washindi walikuwa wameshakwenda kwenye chakula. Bwana wa saa alikuwa anabishana na watu wa muziki. Wifi yangu alikuwa amesimama kando ya mtumbwi, miguu majini, liyo jeupe magotini, kafi mkononi.

"Huyu mama atatupeleka," prezida akasema. "Ona vile batu banasaidiana. Ni kohezyo ile."

Aliwapeleka vizuri. Mtumbwi haukutikisika. Aliuzungusha mbele ya hema, akaurudisha, na pale ambapo maji yanamfika mtu kiunoni akauacha ukae. Nilimwona akichomoa kichanuo kwenye kilemba na kuinama chini ya kiti. Mimi nilijua. Nilikuwa na hofu, na ninasema ukweli, nilikuwa na furaha mbaya sana moyoni.

Kipaza sauti kilikuwa bado wazi. Kasenyi nzima ilisikia.

"Mama, unafanya nini? Mama! Maji inaingia!"

Sauti ya wifi yangu haikuwa kubwa, lakini kipaza sauti kiliichukua nayo.

"Kohezyo, Papa prezida. Bintu yote ni ya siye bote. Ata maji."

Hakuna aliyepata madhara, niseme hilo mapema. Bwana wa mradi aliruka kwanza, akagundua amesimama, akatulia. Prezida alibaki amekaa mpaka maji yakamfika mapajani, akipiga kelele ndani ya kipaza sauti kwamba hajui kuogelea, na wavuvi wakimjibu kwa pamoja toka ufukweni, "Simama! Simama, papa!" Aliposimama, jaketi lilimpanda mpaka masikioni. Kiatu kimoja kilibaki kwenye tope la ziwa. Nilikitazama kingine alipotoka, ncha yake imefunguka mdomo. Gundi tupu. Nilikuwa nimekisifu bure.

Wifi yangu alikuja nyuma yao akiukokota mtumbwi, na mkononi ameshika utepe mrefu wa nguo uliosokotwa, mweusi kwa lami. Aliketi mchangani, akaanza kuusokotoa. Nje ulikuwa mweusi, lakini ndani ya msokoto rangi ilikuwa imejificha: kijani cha bwawa, na kipande cha hindi la manjano. Mwishoni kulikuwa na kola, na kwenye kola kifungo.

Bwana wa saa alikuwa ameshafika mbio. Kitambaa cha namna hiyo kiko fasi yote, alisema, kila soko linauza.

"Nani anaweza kununua hii?" wifi yangu akauliza. "Muangalie mulamu wangu."

Ufuko mzima ukaniangalia. Sikuwa nimefikiria kwamba ningesimama mbele ya watu wengi hivyo, kitenge kimelowa na kunishika makalio, mahindi yote yako wazi, nageuzwa huku na kule na wavuvi wanaolinganisha. Mkubwa wa wavuvi, mzee mwenye kofia ya sufi kwenye joto lile, alishika pindo langu na kola ile, akavitazama pamoja. Kisha akamgeukia bwana wa saa.

"Weye mwenye pirogue. Ubavu ya kuume ilifungwa na nini?"

"Na... na pamba. Bitambaa."

"Na weye, mama?"

"Shati ilimalizika. Kuume tulitia mustikere, ile banagawiaka ku hospitali."

Walichokonoa ubavu wa kulia kwa kichanuo cha mama wa wigi. Zikatoka nyuzi nyeupe, laini, za chandarua. Mzee hakusema hukumu yoyote. Alimwambia tu bwana wa saa aondoe kamba yake, na bwana wa saa, akiwa amezungukwa na wavuvi wengi walioacha ghafla kucheka, aliondoa kamba yake.

Prezida alikuwa ameshafunikwa taulo. Nilidhani atakuwa na haya. Lakini alikitikisa kipaza sauti, kikakohoa maji, akatangaza kwa wageni na kwa picha kwamba mnaona wenyewe, leo mali imerudi kwa mwenyewe kwa amani, na hiyo ndiyo kohezyo ya kweli tuliyoileta. Watu walipiga makofi. Mimi nilitema mate mchangani.

Wifi yangu hakupiga makofi wala kutema. Alikuwa anaukagua ufa. Alitaka kuondoa mtumbwi pale kabla moyo wa mtu haujageuka, aupeleke kwa mama yake mdogo, ambaye anakausha samaki mwisho wa ufuko ule ule. Lakini ufa ulikuwa wazi, na shati lilikuwa limeoza, halishindiliki mara ya pili. Akaninyooshea mkono.

"Mulamu, leta kikwembe."

"Hapa? Mbele ya batu?"

"Leta."

Nilivua liyo langu la mradi, nikabaki na sidiria na jaketi la machungwa, nikajifunga liyo kiunoni na kumpa kitenge cha shangazi. Alikichana kwa meno. Wavuvi wawili walileta tindo na kopo la lami. Nilisimama pale nikitazama mahindi yangu yakiingia kwenye mbao kipande kwa kipande, nguo niliyoichukia tangu siku niliyoipewa, nikageuza uso ziwani, mimi nisiyelia hata msibani. Alipomaliza aliusukuma mtumbwi majini, akaruka nyuma, akapiga kafi. Hakuzungusha. Hakuniaga. Nilikasirika kwa hilo, na bado nina hasira kidogo.

Nilipanda mlima ndani ya lori nikiwa nimekalia neno lile, limeandikwa makalioni kwa herufi kubwa, na kwenye kila kizuizi askari walilisoma nikishuka. Mama wa wigi aliniuliza kichanuo chake kiko wapi. Nilimwambia kohezyo.

Ndugu yangu alikuja toka Kilo habari ilipomfikia nusu, kama zinavyofika habari zote. Alisimama uani na buti zake za matope, moja imefungwa kwa waya, anatazama chumba cha nyuma kilichofungwa. Liyo la mradi lilikuwa mlangoni, ndilo tunalofutia miguu.

"Yaya, bibi yangu iko wapi?"

"Iko Kasenyi, ndani ya pirogue yake. Shati yako ilimalizika. Sasa munaelea na kikwembe yangu."

Alikaa kwenye kizingiti. Aliuliza kama kola ilikuwepo. Nikamwambia ilikuwepo, na kifungo. Akauliza tena, kana kwamba hakusikia, na mara ya pili nilipomjibu alifunika uso kwa mikono yote miwili. Kisha akaomba maji, akanywa amesimama, akafuta buti zake mlangoni na kuondoka kuelekea barabara ya Bogoro. Hakunipa hata nafasi ya kumsongea bugali.